Kabla Hujamwita Mvivu, Tazama Anachoweza



Je, kazini kwenu kuna mtu anayeitwa mvivu? Kabla hamjamwondoa, soma habari hii.

Katika timu yetu ya wahudumu wa afya wa kujitolea alikuwepo mama mmoja ambaye rejista yake ilikuwa na makosa kila mwezi. Tarehe zilichanganyika, majina ya watoto yaliandikwa nusu. Msimamizi alichoka, na mama huyo akawekwa kwenye orodha ya watakaoachishwa. Mimi niliyesoma sekondari nilisifiwa kwa mwandiko mzuri.

Ikafika siku ya chanjo ya surua. Akina mama wa mtaa wake walikuja karibu wote. Wa mtaa wangu walikuwa wachache. Walipoulizwa sababu, wale wa kwake walijibu: "Huyu mama hupita jioni, hukaa chini, hutusikiliza." Mimi nilikuwa napita asubuhi, wakati wako kwenye foleni ya maji, kisha naandika "hayupo". Mwandiko ulikuwa mzuri, lakini watoto hawakuchanjwa, na surua haisomi mwandiko.

Tangu hapo tulipangwa wawili wawili. Yeye aliongea, mimi niliandika. Kila Ijumaa tulikaa pamoja tukijaza rejista. Leo anajaza yake mwenyewe, na mimi nimejifunza kupiga hodi na kusubiri.

RWANDA ILIFANYAJE?

Nilipokwenda Kigali kwa mafunzo, nilielewa kwamba jambo hili si la timu yetu tu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi ilibaki na madaktari na wauguzi wachache sana. Mwaka 1995 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita abajyanama b'ubuzima. Mwanzoni walikuwa kama 12,000. Baadaye walifika karibu 45,000, yaani watatu kwa kila kijiji.

Hawa hawakutafutwa kwa vyeti vikubwa. Wanakijiji wenyewe walimchagua mtu wanayemwamini, anayejua kusoma na kuandika. Kisha kazi ziligawanywa. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliwahudumia watoto wenye malaria, kuhara na nimonia. Wa tatu, mwanamke, aliwafuatilia wajawazito na watoto wachanga. Kila mmoja alifundishwa kazi yake, akapewa vifaa, na kituo cha afya kikamsimamia.

Hata wauguzi waliosomea kazi yao walihitaji mtu wa kuwaendeleza. Kuanzia mwaka 2010, Wizara na shirika la Partners In Health walianza mpango katika vituo vya afya vya wilaya ya Kirehe, ambako mwaka 2015 ilifunguliwa kambi ya Mahama, na kusini mwa Kayonza. Wauguzi wenye uzoefu walitembelea vituo, wakakaa kando ya mwenzao akiwa na mgonjwa, kisha wakamweleza alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Utafiti ulionyesha kwamba baada ya hapo watoto wagonjwa walichunguzwa kwa ukamilifu zaidi kuliko awali.

WEWE UFANYE NINI?

Kama unasimamia watu, iwe kliniki, shuleni, sokoni au kwenye kikundi cha ushonaji, fanya hivi:

1. Tazama kazi, si cheti peke yake. Tembea na mfanyakazi wako nusu siku. Utaona ambacho ripoti haisemi.

2. Sema unachokiona. "Umefanya vizuri" haitoshi. Mwambie: "Ulipomwonyesha yule mama kuchanganya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji safi, ukamwacha arudie mwenyewe, alielewa." Hapo atajua cha kuendeleza.

3. Mpe kazi inayomfaa, na ongeza jambo moja la kujifunza. Kipaji kisichofundishwa hubaki palepale. Lakini angalia: kuongea vizuri si ruhusa ya kutoa dawa. Kila mtu afanye kile alichofundishwa.

4. Usimbebeshe mmoja kila kitu. Mara nyingi anayefanya vizuri huongezewa zamu mpaka anachoka na kuacha. Huko ni kumwadhibu kwa uhodari wake.

5. Wapange wanaosaidiana. Mwenye kalamu akae na mwenye ulimi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NA WEWE MFANYAKAZI?

Usingoje kugunduliwa. Miongoni mwetu wako waliokuwa walimu, wauguzi, mafundi na wakunga huko tulikotoka, na hakuna anayejua kwa sababu hawajasema. Mwambie msimamizi wako unaweza nini. Mwambie pia usichoweza, ili ufundishwe. Yule mama aliogopa kusema kwamba kuandika kunamshinda, na woga huo ulikaribia kumtoa kazini.

Nanyi wakazi, mnapochagua mhudumu katika mkutano wa mtaa, msiulize tu amesoma hadi darasa la ngapi. Ulizeni: mtoto wangu akipata homa usiku, mlango wa nani naweza kuugonga bila kuogopa?

Huyo ndiye wa kuchagua. Kuandika tutamfundisha.