Majeraha ya Utotoni (2): Nani Amsikilize Mtoto wa Fumba?

Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, si mbali na pwani ya Fumba, Unguja nzima ililia pamoja. Tanga lilikaliwa, na waliookoka walipewa pole na kila aliyewaona. Makala haya yanahusu msiba usio na tanga: mtoto aliyeumizwa ndani ya nyumba, au chuoni, au na jamaa anayekula naye sinia moja. Hoja yangu ni kwamba majeraha ya namna hii hudumu hadi uzeeni kwa sababu ya ukimya unaofuata, kuliko hata ukubwa wa tendo lenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya dawa yake inaweza kutolewa na watu tulionao vijijini.

Kumbukumbu ya kawaida ina mahali pake: jambo lilitokea mwaka fulani, likapita. Ya kiwewe hubaki vipande vipande, harufu ya marashi, mlio wa kitasa, viatu ukumbini, bila ya tarehe. Kitasa kikilia leo, moyo hupiga kana kwamba ni usiku ule ule. Hapo ndipo zinapotoka ndoto mbaya, kustuka ovyo, hasira za ghafla, kukwepa watu, na ule ubaridi unaomfanya mama ashindwe kumkumbatia mwanawe ingawa anampenda.

Mwaka 2000, Chris Brewin na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti 77 za watu wazima waliopatwa na misiba mizito, wakaangalia ni jambo gani hubashiri nani ataugua. Kukosa watu wa kumshika mkono baada ya tukio kulikuwa na uzito kuliko ukali wa tukio lenyewe. Sasa tazama Fumba au Bweleo, vijiji ambamo karibu kila mtu ana udugu na mwenziwe. Mtoto akisema ameumizwa na ami yake, wazee huoneana muhali. Shauri humalizwa kimya kimya, na mtoto huambiwa astahamili ukoo usivunjike. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, ulikuta kwamba hapa Zanzibar kiasi cha wasichana 6 na wavulana 7 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba waliosema wamedhalilishwa kijinsia walikuwa wengi zaidi kwa wavulana kuliko wasichana. Hili la wavulana linaniuma zaidi, kwa sababu mvulana akilia anaambiwa awe mwanamume, na hapo hana tena pa kulipeleka lake.

Wengi watajibu kwamba walichapwa bakora skuli na chuoni na wamekuwa watu. Sikatai. Wapo waliopona, hasa aliyekuwa na bibi au mwalimu wa kumkimbilia, na hilo linaipa nguvu hoja yangu. Ila anayejibu hivyo anawahesabu waliosimama tu. Uchunguzi wa Vincent Felitti na Robert Anda huko San Diego, Marekani, uliochapishwa 1998 kwa majibu ya watu zaidi ya 9,000, ulionesha kwamba waliopitia aina 4 au zaidi za madhila utotoni walikuwa na khatari ya ulevi, dawa za kulevya, huzuni kubwa na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 ya wasiopitia hata moja. Vijana wetu walioko soba hausi tunawauliza walianza lini kutumia unga. Tuwaulize pia yaliyowakuta kabla ya hapo.

Pingamizi zito zaidi ni la sitara. Dini imetufundisha kusitiri aibu ya mtu, na ni mafundisho mema. Lakini kumfunika anayedhuru ili aendelee kudhuru ni kumsaidia katika dhulma. Wala masimulizi ninayoyatetea, ya mtu kumsimulia kisa chake msikilizaji anayemwamini, hayafanywi barazani, na dua na kisomo havigongani nayo hata kidogo.

Anayedhani tiba hii ya kusimulia ni ya Wazungu na atazame Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Frank Neuner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliwafundisha wakimbizi wenyewe, ambao hawakuwa madaktari, kuwatibu wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Katika tiba hiyo mgonjwa hulaza kamba sakafuni kuwa umri wake, akaweka maua palipo na mema na mawe palipo na mabaya. Kisha husimulia jiwe moja moja, mahali, wakati, alichokiona, alichohisi, mpaka kisa kipate mwanzo na mwisho. Kwa matokeo ya mwaka 2008, miezi kadhaa baadaye watu kama 7 katika kila 10 hawakuwa tena wagonjwa. Katika kundi lisilotibiwa hawakufika 4. Tiba ya jamaa na hiyo, iliyojaribiwa kwa watoto yatima 640 wa Moshi na Bungoma, ilileta nafuu katika maeneo 3 kati ya 4, ingawa baada ya mwaka tofauti ilififia upande wa Tanzania. Mikutano michache peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji mtu wa kubaki naye.

Kituo cha Mkono kwa Mkono cha hospitali ya Mnazi Mmoja, kilichoanzishwa 2011, humpokea mtoto siku za mwanzo. Anayebaki naye miezi inayofuata ni mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuoni, mkunga, shangazi. Kila shehia ingepata watu wachache kati ya hao, wanawake na wanaume, wakafunzwa na kusimamiwa na wataalamu wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Masharti ni mawili: aliyemuumiza mtoto awe hawezi tena kumfikia, na mtoto asilazimishwe kurudia kisa chake kwa kila mjomba, sheha na askari. Sharti la pili linatupeleka mahakamani, na sehemu ya tatu itaangalia namna ushahidi wa mtoto unavyochukuliwa.