Plagi za nyuma si za maisha

"Fundi, za mbele tatu nimeshabadilisha. Hizi za nyuma si tuziache tu?" Swali hili huletwa na Harrier ya zamani, Kluger au Alphard, zile zenye injini ya V6 ya 1MZ-FE, lita 3.0. Huja na jibu lake kabisa: plagi za nyuma ni za maisha, ndiyo maana Toyota walizificha.

Hakuna aliyeficha kitu. Injini hiyo imekaa kukingama, silinda tatu zinatazama rejeta na tatu zinatazama bati linalotenganisha injini na kabini, halafu manifoldi ya hewa ikapita juu ya hizo za nyuma. Nafasi ikaisha. Aliyeichora hakuwa akiufikiria mkono wa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam.

Tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inataka cheche 1,500. Za mbele 1,500, za nyuma 1,500. Kila cheche inamega ncha ya plagi kidogo, hata ikiwa ya iridiamu, na mwanya ulioanza na milimita 1.1 unazidi kupanuka. Kama za mbele ulizitupa kwa uchovu, za nyuma zimechoka vilevile, tena ziko kwenye joto zaidi. Plagi za iridiamu au platinamu hukadiriwa kilomita 100,000 hivi. Gari lako huenda lina miaka zaidi ya 20, na ile namba ya kilomita liliyokuja nayo kutoka Japani tusiijadili leo.

"Lakini halimisi." Halimisi likiwa limesimama sailensi! Lipakie watu saba, washa AC, panda mlima Kitonga. Mgandamizo ndani ya silinda ukiongezeka, cheche inapata taabu kuruka mwanya mpana, na koili inalazimika kusukuma umeme mkali zaidi. Siku moja umeme huo unatoboa mpira wa koili na kutafuta njia ya pembeni. Mashine ya kupima hitilafu inasoma P0301, P0303 au P0305, zote silinda za nyuma, na mwenye gari anakimbilia koili ya mtumba. Mwezi ukiisha anarudi kununua nyingine. Plagi iliyoiua ya kwanza bado imo mle ndani! Petroli isiyoungua nayo inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi hadi yanayeyuka, kisha mjuaji fulani anashauri yatolewe. Hasara yote hiyo kwa kukwepa kazi ya nusu siku.

Basi fanya hivi. Injini ipoe kabisa, maana hedi ni ya alumini na nyuzi zake hung'oka kirahisi ikiwa ya moto. Wapo wanaopitisha mkono kwa nyuma na ekstensheni zenye maungio; ukiweza, sawa. Usipoweza, fungua manifoldi ya juu, ziba matundu kwa vitambaa safi, na uwe na gasketi mpya mkononi kabla hujaanza. Puliza mashimo ya plagi kabla ya kuzilegeza. Ukikuta oili humo, gasketi ya tapeti kava ya nyuma ibadilishwe sasa hivi, si safari ijayo. Nunua zote sita aina moja, dukani unakokuamini. Plagi bandia zimejaa, na za nikeli za bei rahisi zitakurudisha humo mapema. Zianze kwa kipande cha mpira wa petroli, si kwa spana: nyuzi zikipishana, mpira utateleza badala ya kuziharibu. Usipake grisi. Kaza kwa spana ya kipimo, Nm 18, koili zirudi, vitambaa vitoke vyote, ndipo ufunge.

Ukiwasha ukasikia mluzi nyuma ya injini na sailensi inapanda na kushuka, gasketi ya manifoldi haijakaa. Zima, fungua tena.