Usiku Unapitaka Namna Gani, Papa?

Papa aliletwa na binti yake wa mwisho. Tumwite Papa tu, maana nimemuunda kutokana na wazee wengi waliokaa kwenye kiti kile kile hapa Likasi, ili asitambulike hata mmoja. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyoviringishwa ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, na muda wote hakuiweka chini. Binti ndiye aliyeanza: "Papa halale. Chakula hagusi." Nikamwomba binti atusubiri nje. Nikasogeza kiti changu ubavuni mwa cha mzee, tusikaziane macho kama tuko mbele ya hakimu, nikauliza: "Usiku unapitaka namna gani, Papa?"

"Saa kumi njo naamuka. Sirena ya kiwanda haiko tena, lakini mi naamuka."

Sikumwuliza shida yake ni nini. Swali hilo ameshaulizwa na mchungaji, na wakwe, pengine na muganga, na kila mmoja alikuja na jibu lake tayari mfukoni. Usiku, kila mtu anaweza kuusimulia bila aibu. Na katika usiku huo ndimo yamo mengine yote.

Mimi husikiliza kama mshauri wa saikolojia, lakini saikolojia iliingia Katanga kwa mlango mwingine kabisa. Miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na malezi. Wataalamu wake, akiwemo Laroche, waliwapa watoto wa Katanga mtihani wa Matrix 38: michoro yenye pengo, nawe uchague kipande cha kuliziba. Elimu ya nafsi ilikuja kwetu kupima watu. Kazi yangu mimi naiona kuwa ni kinyume cha hiyo, nayo ni kumsikiliza mtu bila kumpa alama.

Wakati mji huu ukiitwa Jadotville, hadi 1966, kampuni ilikuwa kama mzazi. Nyumba, hospitali, shule, hata posho ya unga vilitoka kwake. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ikaja kuitwa Gécamines, na desturi zikaendelea. Kisha 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Mwanaume aliyekuwa akitajwa kwa kazi yake kwenye kiwanda cha Shituru au Panda akabaki bila la kujibu mtu akimwuliza yeye ni nani. Wengine hubeba mzigo wa kabla ya hapo: mwaka 1992 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, familia nzima zilikaa kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni. Waliokuwa watoto pale stesheni leo ni wazazi, na sauti ya treni usiku si jambo dogo kwao.

Historia hiyo ndiyo ninayoisikiliza, ingawa watu hudhani mshauri husomea kutoa mashauri. Mimi nilisoma kwa utaratibu wa zamani, miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, na sehemu kubwa ya kilichonifaa ilikuwa kujifunza kunyamaza. Mmarekani Carl Rogers, katika kitabu chake cha 1942, alimwita anayekuja "mteja" badala ya "mgonjwa". Alikuwa na sababu njema: mteja ana sauti. Lakini kwa Kiswahili chetu mteja ananuka soko, kwa hiyo mimi humwita mgeni, na mgeni huulizwa amelalaje kabla ya kuulizwa habari.

Hata hivyo sianzi na moyo. Mtu asiyelala anaweza kuwa na sukari, presha, malaria au maumivu anayoyaficha, basi kwanza hospitali. Akisema amechoka kuishi, namwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Humpa ruhusa ya kusema. Akiwa hatarini, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, simng'ang'anii: ndugu zake na mimi tunapanga safari ya Lubumbashi, kilomita kama 120, kwa daktari wa akili.

Siri nayo naieleza siku ya kwanza. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinamwadhibu anayefichua siri aliyoipata kwa kazi yake. Lakini mtoto akiwa hatarini sinyamazi, hasa mtoto aliyeitwa mchawi nyumbani, kwani sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia hivyo.

Kuna anayeuliza kama maneno matupu yanaponya. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifuatilia wanawake wa Kivu waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wale waliokutana kwa vikundi, wakijifunza hatua kwa hatua kuyachunguza mawazo yaliyowafunga, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi sita baadaye. Waliowaongoza walikuwa wahudumu wa kijamii wa Kongo, si madaktari. Kwangu hiyo ni habari kubwa, maana miji kama wetu haitapata madaktari wa akili wa kutosha upesi.

Kwa Papa tulipanga jambo moja. Saa kumi akiamka asibaki kitandani akihesabu miaka. Atoke, amwagilie mboga za lengalenga za binti yake. Wiki ya kwanza alisahau. Ya pili alienda mara mbili. Ya nne alikuja peke yake kwa miguu kutoka mtaa wa Kikula, akafungua sashe na kunionyesha hesabu yake ya mwisho ya kazini, karatasi iliyochanika kwenye mikunjo. Akataka nimwandikie barua ya madai. Nikamwambia hiyo si kazi yangu, nikamwelekeza kwa wakili. Alikasirika, akasimama, kisha akaketi tena na kuanza kunisomea majina ya wenzake wa zamu, mmoja baada ya mwingine.

Nilimsikiliza hadi jina la mwisho. Saa ilikuwa imepita muda wetu kwa dakika ishirini.