Bahasha Isiyo na Fedha: Shinikizo katika Uandishi wa Habari za Michezo ya Video

Kanuni za maadili za mabaraza ya habari ya Tanzania na Kenya humkataza mwandishi kupokea bahasha ya fedha kutoka kwa mtu au taasisi anayoandika habari zake, kwa kuwa inafahamika wazi kwamba aliyelipwa na mwenye hafla hawezi kumtumikia msomaji kwa moyo mmoja. Uandishi wa habari za michezo ya video, ambao vituo vyake vikuu tangu miaka ya 1980 vimekuwa Marekani, Uingereza na Japani, hausumbuliwi sana na bahasha ya namna hiyo. Fedha taslimu hazihitajiki pale ambapo kampuni inayoandikwa ndiyo hiyohiyo inayonunua matangazo, inayotoa nakala ya mchezo kabla haujaingia sokoni, na inayoamua ni nani atakayeruhusiwa kuzungumza na watengenezaji wake. Mambo hayo matatu yakiwa mikononi mwa upande mmoja, hata mwandishi mwadilifu kabisa anaweza kujikuta akitoa kazi isiyomsaidia msomaji, ilhali hajapokea hata senti moja.

Moyo wa fani hii ni tahakiki, yaani makala inayoueleza mchezo, kuupima, na mara nyingi kuupa alama, ili mnunuzi ajue kama unastahili bei yake. Bei yenyewe si ndogo, kwani mchezo mkubwa uliuzwa Marekani kwa dola 60 kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2020 mingi imefikia dola 70. Mhakiki wa filamu anaweza kukata tiketi siku ya kwanza, akatazama kwa saa mbili na kuandika jioni hiyohiyo, lakini mchezo mkubwa unaweza kuhitaji saa 30, 60 au zaidi kabla haujafika mwisho. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayetaka kazi yake isomwe siku ya mauzo sharti awe ameupata mchezo siku kadhaa kabla, na wa kumpa ni mmoja tu, naye ni mchapishaji, yaani kampuni inayogharimia utengenezaji wa mchezo na kusimamia mauzo yake.

Utegemezi huo haukuanza na intaneti. Jarida la Nintendo Power, lililoanzishwa Marekani mwaka 1988 na kusomwa na watoto wengi kama chombo cha habari, lilikuwa mali ya Nintendo yenyewe, na Game Informer, lililoanza mwaka 1991, lilikuwa mali ya maduka yaliyouza michezo hiyohiyo iliyohakikiwa ndani yake. Hata majarida yaliyojitegemea yaliishi kwa matangazo ya kampuni za michezo, kwa kuwa wafanyabiashara wengine hawakuwa na haja kubwa ya kuwafikia wasomaji wake. Gazeti la kawaida likigombana na benki moja linaweza kubaki na matangazo ya kampuni za simu, saruji na mabasi, ilhali jarida la michezo likigombana na wachapishaji wakubwa watano halibaki na kitu.

Namna shinikizo hilo linavyopita ilionekana vizuri zaidi mwezi Novemba 2007. Tovuti ya GameSpot, iliyomilikiwa wakati huo na kampuni ya CNET Networks, ilichapisha tahakiki ya Kane & Lynch: Dead Men, mchezo wa mapambano ya bunduki uliotengenezwa na studio ya IO Interactive ya Denmark na kuchapishwa na Eidos. Jeff Gerstmann, mhariri aliyekuwa ametumikia tovuti hiyo kwa zaidi ya miaka 10, aliupa alama 6 kati ya 10, alama ambayo kwa desturi za fani hiyo humaanisha mchezo wa wastani usio na sababu kubwa ya kununuliwa. Wakati huohuo kurasa za tovuti zilikuwa zimepambwa kwa matangazo makubwa ya mchezo huohuo, hivi kwamba aliyekuwa akisoma lawama za mhakiki alizisoma huku amezungukwa na wahusika waliokuwa wakilaumiwa. Kabla mwezi haujaisha, Gerstmann alikuwa amefukuzwa kazi. Kampuni ilikanusha kwamba mtangazaji ndiye aliyesababisha, wenzake kadhaa wakajiuzulu baadaye, naye mwenyewe akabaki kimya juu ya kiini cha jambo kwa zaidi ya miaka minne kwa sababu ya masharti ya kisheria. Ni mwaka 2012 tu, tovuti aliyoianzisha ya Giant Bomb iliponunuliwa na wamiliki wapya wa GameSpot na masharti hayo kuondolewa, ndipo alipoeleza hadharani kwamba viongozi walikuwa wamekwisha kumwita zaidi ya mara moja kuhusu alama zilizowaudhi wachapishaji, na kwamba wachapishaji walikuwa wakitishia kuondoa matangazo yao.

Katika maelezo hayo hakuna mahali ambapo mchapishaji alimwendea mhakiki na kumwomba abadilishe neno. Malalamiko yalipelekwa kwa idara ya matangazo, idara ya matangazo ikayafikisha kwa viongozi, na viongozi, ambao hawakuzoea kukaripiwa na wateja wakubwa, wakayashusha hadi meza ya uhariri. Vyombo vya habari hutenganisha uhariri na biashara kwa makusudi ili malalamiko ya namna hiyo yaishie njiani, lakini utengano huo hudumu tu pale wenye mamlaka wanapokuwa tayari kupoteza fedha kwa ajili yake.

Uzito wa alama moja uliongezeka baada ya kuanzishwa kwa Metacritic mwaka 2001, tovuti inayokusanya alama za wahakiki wengi, kuzigeuza ziwe katika kipimo cha 100, na kutoa wastani ambao ndani yake vyombo vingine hupewa uzito zaidi kuliko vingine. Wastani huo ulikusudiwa kumsaidia mnunuzi, lakini wachapishaji waliugeuza kuwa kipimo cha mikataba. Mfano unaojulikana sana ni wa Fallout: New Vegas, mchezo wa mwaka 2010 uliotengenezwa na studio ya Obsidian kwa ajili ya mchapishaji Bethesda. Chris Avellone, mmoja wa waasisi wa studio hiyo, alieleza mwaka 2012 kwamba Obsidian ingelipwa bakshishi endapo mchezo ungefikisha 85 katika Metacritic, nao ukaishia 84. Tangu habari za namna hiyo zijulikane, mhakiki huandika akijua kwamba alama yake inaweza kugusa mapato ya watu ambao huenda alishawahi kuwahoji, ingawa kosa la kufunga malipo ya wafanyakazi kwenye maoni ya watu wa nje ni la walioandika mkataba, si la aliyetoa maoni.

Matangazo na alama ni shinikizo linaloonekana. Shinikizo lisiloonekana kwa urahisi ni la saa. Kabla ya kupewa nakala ya mapema, mhakiki hukubali kutochapisha chochote mpaka saa iliyotajwa na mchapishaji, na sharti hilo lina manufaa yake, kwa sababu linaondoa mashindano ya kuwahi na kumpa kila mmoja nafasi ya kucheza kwa makini. Manufaa hayo hugeuka kuwa hila pale saa inapopangwa baada ya mauzo kuanza. Assassin's Creed Unity, mchezo wa kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft, uliingia sokoni Marekani tarehe 11 Novemba 2014 kuanzia saa 6 usiku, ilhali wahakiki waliruhusiwa kuchapisha kuanzia saa 6 mchana wa siku hiyo. Kwa saa 12 watu waliununua mchezo bila tahakiki ya waliokwisha kuucheza, na wengi wakakuta hitilafu zikiwamo nyuso za wahusika zilizopoteza ngozi na kubaki macho na meno yakielea hewani. Ubisoft iliomba radhi baadaye na kutoa fidia ya michezo ya bure, lakini kila mhakiki aliyenyamaza asubuhi ile alikuwa ametimiza ahadi yake kwa uaminifu.

Mwaka 2020 mbinu hiyo ilikwenda mbali zaidi. CD Projekt Red ya Poland iliwapa wahakiki Cyberpunk 2077 katika toleo la kompyuta pekee, na ikawazuia kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe katika tahakiki za mwanzo, hivyo wakalazimika kutumia zile zilizotolewa na kampuni. Tahakiki zilizotokea kabla ya tarehe 10 Desemba zilikuwa na sifa nyingi, na baadhi ziliwaonya wasomaji kwamba matoleo ya konsoli, yaani mashine maalumu za michezo zinazounganishwa na televisheni, yalikuwa hayajaonekana. Siku ya mauzo ikabainika kwamba mchezo ulikuwa na hali mbaya mno katika PlayStation 4 na Xbox One, mashine za mwaka 2013 zilizokuwa katika mamilioni ya nyumba. Wiki moja baadaye Sony, inayotengeneza PlayStation, iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha, baada ya CD Projekt Red kukiri kwamba haikuuonyesha mchezo katika mashine hizo kabla ya kuuza. Ukweli wote ulioandikwa na wahakiki ulihusu toleo ambalo wanunuzi wa konsoli wasingelicheza.

Mwandishi anayekataa kufuata mkondo huo huadhibiwa kwa kususiwa. Mwezi Novemba 2015 Stephen Totilo, aliyekuwa mhariri mkuu wa tovuti ya Kotaku, aliwaeleza wasomaji kwamba Bethesda ilikuwa imekata mawasiliano nao kwa takriban miaka miwili, na Ubisoft kwa takriban mwaka mmoja, baada ya tovuti hiyo kufichua michezo ambayo kampuni hizo zilikuwa hazijaitangaza. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kumpa mtu nakala ya bure, na hoja hiyo ilitolewa na wengi. Hata hivyo, adhabu hiyo ilitolewa kwa kuandika habari za kweli, na chombo kidogo kisicho na wasomaji wengi kama Kotaku kingefikiria mara mbili kabla ya kufuata mfano wake.

Kadiri wahakiki walivyoonekana wasumbufu, ndivyo fedha za matangazo zilivyohamia kwa washawishi wa mitandaoni, watu wenye wafuasi wengi YouTube ambao hawafungwi na kanuni za chumba chochote cha habari. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, chombo kinachowalinda walaji dhidi ya udanganyifu, ilitangaza makubaliano na Warner Bros. kuhusu Middle-earth: Shadow of Mordor, mchezo wa mwaka 2014. Washawishi, akiwamo PewDiePie maarufu, walikuwa wamelipwa kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola kwa sharti la kuusifu mchezo na kutoonyesha kasoro zake, na taarifa ya malipo ikawekwa chini ya video, mahali ambapo mtazamaji asingeiona bila kubonyeza. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5.

Pamoja na matukio hayo yote, vuguvugu lililopaza sauti kubwa kuliko zote kwa jina la maadili lilielekeza silaha zake kwingine. Gamergate, iliyozuka Agosti 2014, ilianzia kwenye madai kwamba mtengenezaji mmoja wa kujitegemea alipata tahakiki ya upendeleo kwa sababu ya uhusiano wa kimapenzi na mwandishi, ilhali tahakiki hiyo haikuwahi kuandikwa na mchezo wenyewe ulikuwa ukitolewa bure. Yaliyofuata yalikuwa matusi na vitisho vya kuuawa dhidi ya wanawake hasa, na Oktoba mwaka huo Anita Sarkeesian, mchambuzi wa namna wanawake wanavyochorwa katika michezo, alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya kutishiwa mauaji ya halaiki. Mwezi huohuo wafuasi wa vuguvugu waliishawishi kampuni ya Intel iondoe matangazo yake kwenye tovuti ya Gamasutra kwa sababu ya makala ya maoni iliyowaudhi. Waliojiita walinzi wa maadili walitumia nyenzo ileile iliyotumika dhidi ya GameSpot mwaka 2007, yaani kumwadhibu mwandishi kupitia mfuko wa mtangazaji, na wakati huo wachapishaji wakubwa wakapumua.

Hali ya uchumi imeudhoofisha zaidi upande wa waandishi. Mei 2024 tovuti kadhaa za Uingereza, Eurogamer ikiwamo, ziliingia mikononi mwa mmiliki wa IGN, mshindani wao mkubwa. Agosti mwaka huo Game Informer lilifungwa baada ya miaka 33, likafufuliwa Machi 2025 chini ya Gunzilla Games, ambayo nayo ni kampuni ya kutengeneza michezo. Mei 2025 tovuti ya Polygon iliuzwa na waandishi wengi wakapoteza kazi. Dalili tofauti ilitoka kwa Giant Bomb, ambayo mwezi huohuo ilinunuliwa na wafanyakazi wake wenyewe na sasa huendeshwa kwa ada za wasomaji na wasikilizaji, mpango unaoondoa sehemu kubwa ya nguvu ya mtangazaji ingawa hauahidi utajiri kwa yeyote.

Dawa zinazopendekezwa ndani ya fani yenyewe ni za kawaida na zinatekelezeka. Tahakiki itaje nakala ilitoka wapi, mchezo ulichezwa kwa mashine gani na kwa saa ngapi, na mchapishaji aliweka masharti yapi, na pale masharti yanapomnyima msomaji jambo la msingi, chombo kichapishe kwa kuchelewa kwa nakala kilichoinunua chenyewe. Gharama ya kuchelewa ni halisi, kwa kuwa wasomaji wengi hutafuta tahakiki siku ya mauzo na kusahau baada ya hapo, na ndiyo maana sehemu ya mamlaka ya wachapishaji hutoka kwa wanunuzi wenyewe. Cyberpunk 2077 ilikuwa imeagizwa na watu zaidi ya milioni 8 kabla ya kuingia sokoni, nayo hesabu hiyo ilimaanisha kwamba kwa mamilioni ya wanunuzi uamuzi ulikwisha kufanywa kabla ya tahakiki yoyote kusomwa. Mnunuzi anayengoja siku chache baada ya mauzo kuanza, awe Nairobi, Dar es Salaam au Warsaw, huifanya saa iliyopangwa na mchapishaji ikose maana, na humwezesha mhakiki anayechelewa kwa sababu za uaminifu kupata wasomaji wa kumlipa.