Mkono wa Idi: Ombi Lisilotamkwa

Nchini Marekani, usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto waliovaa vinyago hubisha milangoni wakidai peremende kwa kitisho cha mzaha: asiyetoa atachezewa shere. Mkazi wa Olympic, mtaani Kibera, hana haja ya kwenda mbali kuona desturi inayokaribiana na hiyo. Makina, isiyo mbali na hapo, ni kitovu cha Wanubi, Waislamu waliotokana na askari wa Kisudani waliopewa makao Kibera na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. (Jina Kibera lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu.) Baada ya swala ya Idi, watoto wenye nguo mpya hupita nyumba hadi nyumba wakitafuta mkono wa Idi, aghalabu sarafu.

Tofauti kubwa imo katika lugha. Hapa hakuna kitisho, wala neno "nipe". Mtoto hupiga hodi, huamkia, hutakia Idi njema, kisha hungoja. Mkono unaotajwa waweza kufasiriwa kuwa ule wa salamu. Zawadi hufuatana nao kiganjani. Anayedai waziwazi huhesabiwa kuwa hana adabu. Naye mwenye nyumba arudishaye salamu tupu, ingawa hakuombwa kitu, huitwa bahili.