Fahamu: Kwa nini gesi hupungua nguvu Pakistan wakati wa baridi

Desemba na Januari, majiko mengi ya Lahore na Rawalpindi huwaka kwa moto hafifu. Mengine hayawaki kabisa. Baridi ikishika, kila nyumba huwasha hita na kuchemsha maji kwa wakati mmoja, na gesi ya mabombani haitoshi. Tena hazina ya gesi ya Sui, iliyogunduliwa Balochistan mwaka 1952, inazidi kupungua.

Wapo wanaofunga pampu za kufyonza gesi kutoka kwenye bomba. Ni marufuku, na ni uchoyo mtupu: jirani hubaki na jiko baridi.

Hatari zaidi ni usiku. Gesi ikikatika, hita huzimika. Ikirudi, huvuja chumbani bila moto, watu wamelala. Kwa hiyo funga koki kabla ya kulala, hata kama moto ulishazimika wenyewe.