Munkoyo: tunaijua koponi, je, mmea wake tunaujua?

Kama unataja munkoyo mu Lubumbashi, karibu kila mtu anawaza kinywaji: bido ya manjano, kopo, na mama anayeuza kando ya barabara ao ku soko la Kenya wakati wa jua kali. Wachache wanawaza mmea. Lakini jina hilo ni la vyote viwili: kinywaji, na mmea wa pori wenye kutoa mizizi ya kukitengeneza. Bila ile mizizi, kinachobaki ni uji tu.

Jina moja, mimea mbalimbali

Neno munkoyo linasikika sana kwa wasemaji wa Kibemba na majirani zao, pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia. Wataalamu wa mimea, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1992, walionyesha kwamba mizizi hiyo haitoki kwa mmea mmoja. Walitaja makundi matatu: Eminia, Rhynchosia na Vigna. Yote ni ndugu za maharagi, na matunda yake ni maganda yenye mbegu ndani. Mingine ni vichaka vifupi, mingine inatambaa na kupanda juu ya miti. Ndiyo maana bamama wawili kutoka vijiji tofauti wanaweza kusema "munkoyo" na kila mmoja ameshika mzizi wake.

Namna gani unavumilia ukame

Huku kwetu, tangu mwezi wa tano mpaka karibu mwezi wa kumi, mvua hainyeshi ao inanyesha kidogo sana. Majani yanakauka na moto unapita porini. Kichaka cha munkoyo kinaonekana kama kimekufa. Kumbe uhai wake uko chini: mzizi mnene, mgumu, wenye kuweka akiba. Mvua inaporudi, machipukizi yanatoka tena pale pale. Na mzizi huo huo unaouokoa mmea ndio watu wanautafuta kwa jembe.

Kazi ya mzizi ndani ya chungu

Mama anapika uji mzito wa bunga ya mahindi, anauepua na kuuacha upoe kidogo. Mizizi imekwisha kusafishwa na kupondwa mpaka inakuwa kama nyuzi. Anaitia ndani na kukoroga. Kisha kitambo, uji uliokuwa mzito unalegea kama maji na unaanza kuwa mtamu, hata kama hakuna sukari iliyotiwa.

Hakuna uchawi hapo. Mzizi una kitu kinachoitwa amilaze, chenye kukatakata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ni kazi ile ile inayofanywa na kimea cha shayiri katika kiwanda cha bia. Lakini amilaze haipendi moto wa kuchemka. Joto la karibu digrii 60 linaifaa. Ukitia mizizi wakati uji unachemka, amilaze inaharibika na uji unabaki mzito. Bamama walijua jambo hilo kwa mkono na kwa jicho, bila kipimo.

Baadaye mizizi inatolewa, kinywaji kinachujwa na kuachwa kichache. Siku ya kwanza ni kitamu, hata watoto wanakunywa. Kikikaa siku kadhaa, uchachu unazidi na kileo kinaanza kuingia. Usafi wa maji, wa kitambaa cha kuchujia na wa bido ni lazima, juu ya maji machafu yanaleta magonjwa ya tumbo.

Hatari iko wapi

Kukata jani la mmea ni jambo moja, kuchimba mzizi ni lingine. Kichaka kilichong'olewa chote hakirudi. Tena mji unapanuka: pale palipokuwa pori leo pana viwanja, mashamba, machimbo na tanuru za makala. Kila pori likisogea mbali, mchimbaji wa mizizi anatembea zaidi.

Kuna wenye kusema kimea cha mahindi kinatosha. Kweli, kimea pia kinalegeza uji. Lakini ladha inakuwa nyingine, na ujuzi wa kutambua mzizi unapotea pamoja na wazee. Ujuzi huo si mchezo: porini kuna mizizi inayofanana, na mingine ni sumu. Asiyeijua asichimbe peke yake.

Kwa wenye kuchimba, yafaa kuacha vichaka vingine kila mahali, kungoja maganda yakomae na kumwaga mbegu, na kufukia shimo. Mizizi iliyokaushwa vizuri inahifadhika, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba kila wiki. Munkoyo imezoea kuvumilia jua na moto. Jembe lisiloacha kitu, hilo haiwezi kulivumilia.